Ndiyo, Landlord

Mume wangu Khamala alikuwa mtu wa kubisha. Nasema hivyo nikiwa mkewe, tena niliyebishiwa kuliko wote. Ukimwambia mvua inakuja, atatoka nje atazame mawingu, arudi akuambie umekosea. Alikuwa fundi wa mawe na plasta, na Kawangware walimjua kwa kukataa. Akiletewa simiti kidogo na mchanga mwingi, anaweka mwiko chini, anakalia ndoo yake, anasubiri. Siku moja pale Kabiro alibomoa ukuta aliokuwa ameujenga mwenyewe asubuhi, kwa sababu aligundua mwenye kazi alimletea mchanga wenye udongo. Hakulipwa, na akarudi nyumbani akipiga mluzi. Aliyekosa unga wa jioni ni mimi.

Wa kumweza alikuwa mmoja tu, Ng'ang'a, mwenye ploti ya vyumba tulimopanga na mwenye bucha iliyotazama barabara. Walijuana miaka ya sitini, kabla sijaolewa, enzi zile askari wa kodi walipokuwa wakisimamisha wanaume njiani kuwadai risiti ya kodi ya kichwa. Asiye nayo alibebwa. Khamala hakuwa nayo. Akakimbia, akaingia bucha ya kwanza aliyoiona, akajibanza nyuma ya mguu wa ng'ombe ulioning'inia. Ng'ang'a akaendelea kukata nyama na kuwaambia askari kwamba hajaona mtu. Walipoondoka, Khamala akajitokeza na damu mgongoni, na badala ya kusema asante akasema, "Mzee, hii plasta yako ni mbaya. Ni nani alikudanganya?" Ng'ang'a alicheka mpaka akaweka kisu chini. Urafiki ukaanzia hapo.

Tulipooana Khamala alinileta kwenye ploti hiyohiyo, na kila jioni baada ya kazi nilijua pa kumpata. Bucha ilikuwa na benchi mbele yake. Hapo ndipo wawili hao walipokaa na vikombe vya chai, wakaiendesha nchi, Khamala akimwita mwenzake Baba Njambi.

"Wewe fundi unataka barabara lakini kodi hutaki," Ng'ang'a angeanza. "Barabara itajengwa na nini? Mate?"

"Nani hataki? Kila kijiko cha sukari naweka kwa hii chai kimekatwa kodi! Sasa nionyeshe maji, Baba Njambi. Mama Sifuna ananunua maji kwa debe. Hiyo pesa ilipotea njia?"

"Serikali bado ni changa, bwana."

"Changa? Ni kubwa kuliko Sifuna wangu, na Sifuna anajifulia nguo!"

Kutoka hapo wangeingia kwenye kazi. Khamala alidai kidole gumba cha Ng'ang'a kinapenda kupumzika juu ya mizani. Ng'ang'a alidai hakuna fundi Nairobi hii ambaye hajajenga nyumba yake kwa simiti ya mtu mwingine. Wangesimama, wangenyoosheana vidole, wangeitana majina ya kabila ambayo kwa mdomo wa mtu mwingine yangeleta ngumi. Watu walikuwa wanakuja kununua mifupa ya supu ili tu wasikilize. Halafu Ng'ang'a angefunga duka, na mume wangu angerudi nyumbani amechangamka, anikabidhi nyama iliyofungwa kwa gazeti na kusema, "Leo nimemshinda." Kila siku alikuwa amemshinda. Mimi niliona ni upuuzi wa wanaume. Sikujua kwamba upuuzi huo ndio uliokuwa ukimwamsha asubuhi.

Ukaja mwaka wa mlolongo. Wasiokuwepo hawaamini nikiwaeleza. Karatasi za siri ziliwekwa kando, na watu wakaambiwa wachague wagombea wa chama, kilichokuwa kimoja tu nchini, kwa kupanga foleni uwanjani. Kila mgombea alikuwa na mtu wake wa kushika picha yake mbele, nawe unajipanga nyuma ya picha unayoitaka, jua likikuwakia, jirani yako akikuona, polisi akikuona, na mwenye nyumba yako akikuona pia.

Kwetu waliogombea kiti cha udiwani walikuwa wawili. Mmoja ni Gachanja, diwani wa siku zote, aliyetuahidi bomba la maji mpaka ahadi yenyewe ikazeeka. Wa pili alikuwa mwalimu mmoja asiye na gari. Khamala alikuwa wa mwalimu, na alisema hivyo benchini, sokoni, na juu ya ngazi akipiga plasta. Ng'ang'a alikuwa wa Gachanja kwa sababu walisoma pamoja, tena mashamba ya baba zao yalipakana. Haikuwa neno. Walibishana juu ya hilo pia, na mifupa ya supu ikauzwa.

Halafu habari ikatufikia kwamba atakayeshika picha ya Gachanja ni Ng'ang'a. Wiki hiyohiyo wenye ploti wengine wakaanza kuwapitia wapangaji wao mlango kwa mlango. Hawakutisha mtu. Walisalimia tu, wakauliza watoto wanaendeleaje na shule, wakasema tutaonana uwanjani.

Ng'ang'a hakuja kwetu. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, lakini Khamala hakutulia. Sifuna, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa anajiandaa kwa mtihani na wadogo zake walikuwa watatu. Familia iliyotolewa nje kwa ajili ya siasa, nani mwingine angeipokea kwenye ploti yake? Alhamisi kabla ya uchaguzi nilikuwa buchani pamoja na Khamala, nimeenda kununua matumbo, na nikamsikia akiuliza. Aliuliza akicheka, jinsi walivyozoea.

"Baba Njambi, sema ukweli. Nikisimama kwa mwalimu, nitaendelea kulala kwako?"

Ng'ang'a alikuwa na kisu mkononi. Neno moja lingetosha. Angesema, "Simama unapotaka, nyumba ni yako," na nisingekuwa na kisa cha kusimulia leo. Alimtazama mume wangu, akatazama barabarani, akacheka naye. "Wewe Khamala una maneno," akasema. Kisha akakata kipande kizuri cha paja, akakitupia juu ya matumbo yangu, akakataa pesa.

Mimi nilifurahia nyama. Khamala alinifuata mpaka mlangoni kwetu. "Umeona amenijibu nini?" akaniuliza.

"Amekupa nyama."

"Ndiyo hiyo. Amenipa nyama."

Siku yenyewe nilisimama nje ya uwanja wa shule, kando ya ua, maana mimi sikuwa na kadi ya chama na bila kadi huruhusiwi kujipanga. Kutoka pale niliona kila kitu. Ng'ang'a alikuwa mbele, amevaa koti la kanisani, ameinua picha ya Gachanja kwa mikono miwili. Upande wa pili walisimama watu wa mwalimu, na foleni yao ilikuwa imeshafika chooni na kuanza kupinda.

Khamala aliingia, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu. Nilitamani kupiga kigelegele. Alijipanga, akakunja mikono, akainua kidevu, yule mume wangu ninayemjua. Vijana wa chama walikuwa wakipita katikati wakitazama nyuso, na mmoja akasimama mbele yake akamtazama kwa muda. Khamala hakumjali. Alikuwa anamtazama Ng'ang'a ng'ambo ya uwanja, na nadhani alikuwa anamngojea afanye kitu kidogo tu, amkonyeze, atikise kichwa, amcheke. Ng'ang'a alimwona. Naapa alimwona. Kisha akainua ile picha juu kidogo, mpaka uso wake ukajificha nyuma yake.

Hapo Khamala akatoka kwenye foleni. Uwanja ulikuwa mpana, na alitakiwa auvuke wote peke yake. Vijana wa chama walipomwona anahama wakaanza kumpigia makofi. "Fundi ameona mwangaza!" wakapaza sauti, na watu wakacheka, hata waliomjua, hata wale aliowajengea. Alitembea akitazama viatu vyake. Akajipanga mwisho wa mlolongo wa Gachanja, na nikageuza uso kwa sababu sikutaka siku moja akumbuke kwamba nilikuwa namtazama.

Foleni ya mwalimu ilikuwa karibu mara mbili ya ile nyingine. Mtoto wa chekechea angeona. Msimamizi alitembea akihesabu, akaenda kando akazungumza na watu wawili waliovaa suti, akarudi na kipaza sauti akamtangaza Gachanja. Watu walizomea kidogo, wakatawanyika, maana polisi walikuwepo. Ndiyo kusema mume wangu aliaibishwa bure. Angebaki alipokuwa, Gachanja angeshinda. Tungejipanga kwa mwalimu mtaa mzima, pamoja na mbuzi wetu, Gachanja angeshinda. Nikilifikiria hilo mpaka leo kifua kinaniuma.

Jioni ile hakwenda kwenye benchi. Siku ya pili Ng'ang'a akaja mwenyewe, na chai kwenye chupa.

"Fundi, umenisusa? Njoo unitukane kidogo. Kura zimeibwa, hata mimi nimeona."

Khamala aliinuka alipokuwa ameketi, kama mtu anayempokea afisa. "Hapana, landlord," akasema. "Mambo yalienda vizuri."

Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akimwita mwenye nyumba, tena kwa Kiingereza. Ng'ang'a naye alilisikia. Alisimama na chupa yake mlangoni, akacheka peke yake, akaenda zake.

Tulikaa miezi michache, kisha Khamala akasema tuhame. Hakuna aliyetufukuza. Ng'ang'a alikuja kutubembeleza, akasema atapunguza kodi ya nyumba, na kila alichosema alijibiwa "Asante, landlord." Tukahamia Kibera, Kambi Muru, kwenye nyumba ya udongo iliyovuja upande wa kitanda. Nilidhani akiwa mbali na lile benchi atapona. Hakupona. Aliacha gazeti. Habari zikianza alizima redio, akasema betri zinaisha. Na kazini wakawa wanampenda, jambo ambalo liliniogopesha kuliko yote. Aliambiwa aongeze mchanga akaongeza. Aliambiwa apige plasta juu ya ukuta wenye ufa akapiga. "Sawa, bosi." Pesa zilikuja kila Jumamosi bila kukosa, watoto walikula, na mimi nikawa nalilia ule unga tuliokuwa tunaukosa.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja baada ya ibada, Ng'ang'a akabisha hodi Kambi Muru. Alikuwa amekonda. Khamala akamfutia kiti, nami nikapika chai. Wakakaa. Mgeni akajaribu, na huruma ilinishika kumtazama, mzee mzima akitafuta ugomvi nyumba ya watu.

"Nimesikia bajeti," akasema. "Soda imepanda, sigara imepanda. Mimi naona ni sawa. Wangeongeza hata zaidi. Mwananchi hana shukrani."

"Ni kweli, landlord."

"Na yule mwalimu alikuwa kelele tu. Angetufanyia nini?"

"Ni kweli."

"Na nyinyi mafundi wa Magharibi, kazi yenu ni takataka. Mkikuyu akijenga, nyumba inasimama."

 Zamani kwa neno hilo kikombe kingeruka. Khamala akatikisa kichwa pole pole. "Wengi wetu hatujui kazi," akasema. "Kunywa chai, landlord, isipoe."

Ng'ang'a akaweka kikombe sakafuni. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. "Khamala, mimi si landlord wako tena. Niite jina langu. Niite mwizi. Nipinge, bwana, nipinge mara moja tu nirudi nyumbani."

"Siwezi kukupinga, mzee. Wewe umetutendea mema."

Nilishindwa kujizuia. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. "Ulikuwa na Alhamisi nzima ya kusema neno moja!" nikamwambia. "Alikuuliza, ukampa nyama! Ukainua picha ukajificha uso! Sasa unakuja hapa kumtafuta nani? Yule mtu ulimwacha uwanjani, nenda ukamtafute huko!"

Ng'ang'a aliinua kichwa, na haki ya Mungu, uso wake uliangaza. Alikuwa amepata alichokijia. "Endelea, Mama Sifuna," akasema. "Endelea."

Lakini Khamala alikuwa ameshasimama katikati yetu. Hakunikasirikia. Aliogopa. "Mama Sifuna," akasema kwa sauti ya chini, "usimjibu mzee namna hiyo. Muombe msamaha."

Nilimtazama mume wangu nikitafuta kwenye uso wake mtu wa kubishana naye. Kisha nikaomba msamaha. Ng'ang'a akachukua kofia yake, na Khamala akamsindikiza hadi barabarani, akimkubalia kila alilosema.