Gari Linalozima Kwenye Kona ya Chai

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepanga foleni kupeleka malalamiko ya gari letu.

Foleni ilikuwa imenyooka vizuri. Mbele yangu alisimama bwana mmoja aliyebeba mlango wa gari mgongoni, kama mtoto, akiubembeleza. Mlango ulikuwa unalia kwa kwikwi.

"Haufungi?" nikamuuliza.

"Kufunga unafunga," akasema. "Kufungua ndiyo una kinyongo."

Kabla sijaendelea niseme ni gari gani. Ni gari la familia, kubwa, la viti saba, ambalo mke wangu Subilaga alilinunua ili abebe watoto, mbolea na wanakwaya. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, hapa Tukuyu. Yeye ndiye aliyeliendesha. Mimi sikuwahi kujifunza. Gari lilikuwa na maradhi yale yale kila mwezi. Dirisha la mbele kushoto lilishuka lenyewe, na kupanda lilipanda kwa kusitasita. Taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka muda wote. Na lilipofika kwenye kona iliyo juu ya mashamba ya chai, lilizima. Si kona ya kabla yake wala ya mbele yake. Ile ile.

Masika yaliyopita Subilaga aliugua. Daktari alikuwa ameshatuambia yale ambayo madaktari huyasema kwa sauti ya chini. Siku alipozidiwa tulimweka kiti cha mbele kushoto ili tumkimbize hospitali, mimi nikakaa nyuma yake, binti yetu Tusajigwe akashika usukani. Kwenye kona ya chai gari likazima. Tusa akawasha, likakataa. Akawasha tena, likakataa tena. Lilipokubali, mama yake alikuwa ameshatutoka.

Tangu siku hiyo Tusa hajaendesha. Kazi yake imekuwa kumwita fundi Mwakibete, akimtaka atafute ubovu. Fundi hukaa kwenye usukani, huliwasha, hufungua boneti, husikiliza, hufunga. "Dada, gari hili ni zima. Halina kitu." Juzi fundi alipoondoka, Tusa alinawa mikono muda mrefu, kisha akasema, "Basi ni mimi."

Ndiyo sababu nilikuwa kwenye foleni ile. Nilikuwa nautafuta ubovu.

Sasa naingia ofisini. Ofisi iko kwenye kiti cha nyuma kabisa cha gari letu, kile ambacho mtu mzima haenei, lakini tunaenea wote. Mapokezi kuna jeki iliyovaa tai.

"Shida?" inauliza.

"Gari linazima."

"Mara moja?"

"Ni tatizo linalojirudia."

"Basi lijirudie hapa tulione. Hatupokei kwa maneno."

Mlango ukagongwa, Tatizo likaingia. Lilikuwa fupi, limevaa koti la mvua lililochanika begani. Likatusalimia vizuri, likatoka nje, likarudi.

"Hodi tena," likasema.

"Karibu tena," jeki ikasema.

Likatoka, likarudi. Safari hii lilikuwa linahema na limefuta miguu.

"Linajirudia," jeki ikakubali, ikaligonga mhuri kwenye paji la uso. Kisha ikanigeukia. "Wewe ndiye mwenye gari?"

"Ni mume wa mwenye gari."

"Unakaa kiti gani?"

"Cha nyuma."

"Basi wewe ni abiria. Abiria hana malalamiko, ana safari." Lakini iliniangalia usoni, ikalegeza tai kidogo. "Haya, pita kwa hakimu. Usiguse viti, vimefuliwa."

Hakimu alikuwa ile taa ya injini. Imewaka njano, kama kawaida yake.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa sikuujua umri wake.

"Marahaba. Hivi muda wote huu nawaka, hamkuniona?"

"Tulidhani ni pambo."

"Wote husema hivyo," ikasema taa, bila hasira. "Gari liingie."

Gari likaingia kinyumenyume, likilia pii, pii, kwa adabu. Ni vigumu kueleza jinsi gari lilivyoingia ndani yake lenyewe, ila liliingia, likatafuta nafasi, likakaa.

"Unaumwa?" taa ikaliuliza.

"Siumwi," gari likasema. "Mwulizeni fundi."

Fundi Mwakibete akatoa kichwa chini ya kapeti. "Ni zima. Halina kitu," akasema, akarudi chini.

"Sheria ni fupi," ikasema taa. "Kama gari halina kosa, kosa ni la dereva. Siku hiyo dereva alikuwa nani?"

Mimi ni mtu wa kunyamaza, hata ndotoni. Lakini bati la namba za gari lilikuwa limeanza kubadilika. Namba zilikuwa zinahama moja moja, na mahali pake herufi zinapanga jina la mwanangu. T ilikuwapo tangu zamani. Ikaja U. Ikaja S.

"Ngojeni," nikasema. Nikaligeukia gari. "Tafadhali, uwe unaumwa chochote. Hata plagi. Plagi moja tu mbovu."

"Sina, Baba Tusa," likasema kwa masikitiko. "Ningekuwa nayo ningekupa."

Ikaja A.

"Hamjamsikiliza mwenye gari!" nikapaza sauti, na mimi mwenyewe nikashtuka kuisikia.

"Yuko wapi?" taa ikauliza.

"Amefariki."

"Sikuuliza kama amefariki. Nimeuliza yuko wapi."

Nikafikiri. "Kwenye kona ya chai," nikasema.

Na kweli, tuko kwenye kona ya chai. Viti vimekuwa mistari ya michai inayoteremka bondeni, na ukungu umekaa juu yake kama kawaida ya huku kwetu. Foleni nzima imepangwa kwa sauti: soprano kule, alto pale, besi huku. Yule bwana wa mlango amewekwa kwenye sauti ya tenori, na mlango wake umewekwa naye.

Subilaga anatokea kati ya michai. Amevaa joho la kwaya, anakung'uta kitu kwenye pindo.

"Baba Tusa, simama wima," akasema. "Utaimbaje umejikunja kama nguo ya kwenye beseni?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikasimama wima.

"Mama," ikasema taa, "gari lako linazima hapa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Subilaga akatazama pembeni. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona akitazama pembeni. Dirisha la kushoto likakohoa.

"Useme mwenyewe," likamwambia, "au niseme mimi?"

Dirisha likakohoa tena, kwa nguvu, na maganda ya karanga yakaanza kumwagika kutoka kooni mwake. Yalimwagika mpaka yakatufika kwenye vifundo vya miguu.

Kwaya nzima ikavuta pumzi kwa pamoja, kila sauti mahali pake. Lazima nieleze. Kwenye kwaya ya Subilaga karanga zilikuwa marufuku. Alisema zinakwaruza sauti. Aliweza kumsimamisha mtu katikati ya mazoezi na kumwuliza, "Umekula karanga?" na mtu akakiri. Mimi niliimba besi chini yake tangu tukiwa wachumba, na hata kwenye harusi yetu sikuonja.

"Mwalimu!" akaita dada mmoja wa soprano. "Karanga? Wewe?"

"Za kuchemsha," akasema Subilaga. "Na chumvi."

"Na sisi uliotunyima?"

"Ninyi mnaimba. Mimi nafundisha."

Besi walinung'unika. Taa ikaomba utulivu, ikaliambia gari litoe ushahidi.

"Alinunua kule chini, akitoka mazoezini," gari likasema. "Alipofika hapa aligonga mlango kwa kidole, mara mbili, akanizima. Akashusha dirisha la kushoto, la upande wa chai, akala, akitupia maganda huko, akaiangalia chai. Hakuongea na mtu. Siku nyingine aliimba kidogo, vibaya kabisa, kwa raha zake. Baadaye sikusubiri tena funguo. Akigonga, nazima. Mwishowe hata asipogonga. Nilidhani barabara ndivyo ilivyo."

"Na siku ile," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepungua. "Siku ile Tusa alikosea wapi?"

Subilaga akanigeukia. "Tusa? Kila shimo alilikwepa. Nilikuwa nimekaa pale nasema moyoni, huyu mtoto nimemfundisha mimi. Mimi ndiye niliyegonga mlango."

"Nilisikia kitu kikigonga. Nilidhani ni matawi."

"Besi mna masikio ya mapambo."

"Lakini hospitali ilikuwa karibu, Mama Tusa."

"Ilikuwa karibu, na mimi nilikuwa nimeshafika. Kule ningeangalia dari. Hapa dirisha lilikuwa wazi."

"Hukuogopa?"

Akafikiri kidogo, kama mtu anayetaka kutoa hesabu ya kweli. "Nilitamani karanga," akasema.

Kitu kilichokuwa kimelala kifuani mwangu tangu masika kikainuka, kikapiga miayo, kikachukua kofia yake na kuondoka. Nilikiona kikishuka bondeni kati ya michai. Hakikugeuka.

Subilaga akaingiza mkono mfukoni mwa joho, akatoa karanga moja na ganda lake. Ilikuwa inafuka mvuke.

"Jumapili tunaimba," nikamkumbusha.

"Kula. Hiyo besi yako haina kilichobaki cha kukwaruzwa."

Nikamenya, nikala. Ilikuwa na chumvi kama ilivyotakiwa. Kwaya ilinitazama kwa wivu.

"Gari halina kosa," ikasema taa. "Dereva hana kosa. Mwenye gari alikuwa amefika." Kisha ikazima. Sikuwahi kuiona imezima. Kumbe ina kope.

Kwenye bati la gari, A ikaondoka. S na U zikafuata, namba zikarudi mahali pake, zikibishana nani alikuwa mbele.

Tatizo lilikuwa bado limesimama kando, limeshika koti lake.

"Sasa mimi nirudi wapi?" likauliza.

Hakuna aliyejua. Jeki ikapekua kanuni zake, haikuona kitu. Subilaga akalitazama juu mpaka chini, kama alivyokuwa akiwatazama wanakwaya wapya.

"Unaweza kuimba?"

"Naweza kurudia."

"Basi kaa huku. Wewe ni wa kiitikio."

Likafunga vifungo vya koti, likasimama kati ya alto na mlango. Subilaga akainua mikono. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Tusa alikuwa uani anasuuza vikombe. Nikamwita dirishani, na sauti ikatoka imekwaruzika vibaya.

"Baba, umekula karanga?" akauliza bila kugeuka, kama alivyokuwa akiuliza mama yake.

Kwetu hakuna karanga. Hazijawahi kuingia ndani ya nyumba hii.

Nilivaa viatu, nikatoka, nikamwomba apandishe dirisha la gari la upande wa mama yake, maana tangu masika limebaki nusu na mvua huingia. Alisimama upande wa dereva, mwili wote nje, akaingiza mkono tu na kuzungusha funguo. Akabonyeza swichi. Kioo kikasita, kikalalamika, kikapanda. Kilipanda na ganda moja la karanga, likanasa ukingoni mwa mpira wa dirisha.

Tusa akazunguka gari, akalichomoa. Akaligusa kwa ncha ya ulimi.

"Lina chumvi," akasema. Akanitazama. "Mama?"

"Mama yako."

Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilishatoka. Nilikuwa sijakisikia tangu tulipomzika. Kilipoisha nikamwuliza, "Siku ile pale kwenye kona, ulisikia mlango ukigongwa?"

"Mara mbili," akasema taratibu. "Nilidhani ni matawi."

"Alikuwa anakwambia amefika."

Alisimama na lile ganda mkononi. Hakuuliza nimejuaje. Kisha akazunguka tena mbele ya gari, akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha dereva, akakivuta mbele. Fundi Mwakibete ana miguu mirefu.