Bunduki ya Kanga

"Losike, leo wewe panda juu," Mureithi alisema, akiufunga mlango wa lori taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Kwenye kiti cha mbele, pale pale ambapo Losike alikaa kila safari ya Lodwar hadi Kakuma, palikuwa pamelazwa mfuko mrefu mweusi. Ndani ya mfuko mlikuwa na bunduki.

"Juu wapi, mzee?"

"Juu ya maharagwe."

Losike akapanda. Angefanya nini? Yeye alikuwa homgadi tu, mmoja wa wale raia waliopewa silaha na serikali walinde mifugo na barabara, na Mureithi alimlipa asindikize bidhaa zake zisiliwe na majambazi. Bunduki yake ilikuwa na kitako cha mbao kilichopasuka na kufungwa waya. Alikalia gunia, akatazama paa la kebini lililomtenga na kiti chake, akaona wivu. Mtu akinyang'anywa kiti na mtu mwingine, angalau anaweza kumtukana. Yeye alinyang'anywa na mfuko.

Mureithi alikuja Lodwar kutoka Nyeri na mzigo mmoja wa viazi. Tangu mafuta yapatikane Turkana mwaka ule, alikuwa amenona mpaka shingo. Kibali cha bunduki alikipata kwa ajili ya shamba lake la huko kwao, akainunua ile aliyoona ni kiboko: nyeusi tii, yenye darubini, kitako cha kuvuta na kurudisha, na vyuma vya kupachika vikorokoro. Ungeiona ungeapa kuwa imetoroka kambi ya jeshi.

Vilima vya Pelekech vilipoanza kuonekana, lori likasimama. Mureithi alikuwa ameona kanga wakidonoa kando ya laga, mto uliokauka. Alishuka na bunduki yake, akalenga.

Ta.

Ndivyo ilivyolia. Mtu angempiga mbu kofi, angetoa sauti kubwa zaidi. Kanga mmoja alianguka, na wenzake wakasogea kidogo tu, wakaendelea kula. Mureithi akamwonyesha Losike risasi moja kiganjani. Ilikuwa nyembamba kuliko kidole chake cha mwisho.

Wekesa, dereva, alikuwa ameegemea tairi akicheka. "Mzee, na hii ndiyo imekula pesa ya tairi zote za gari? Kwa kanga?"

"Inaua kanga, Wekesa, lakini inafukuza wezi. Wakiiona watadhani ni ile ya wanajeshi. Nani atasimama aulize risasi ina ukubwa gani?" Mureithi akawatazama wote wawili. "Lakini siri hiyo ibaki ndani ya gari. Ni sisi watatu tu."

"Naweza shika?" Losike aliuliza.

Alipewa. Ilikuwa nyepesi. Ilimkaa begani kama aliyepimiwa na fundi, na kwenye darubini kila mwiba wa mti wa ng'ambo ulikuja karibu naye. Alitaka kuidharau, akashindwa. Aliipenda. Aliipenda kabisa, na hapo ndipo wivu ulipomwingia sawasawa, maana bunduki ile haingekuwa yake hata akiuza kila mbuzi aliyebaki.

"Mwezi ukiisha nitakupumzisha, Losike," Mureithi alisema, akiichukua tena. "Umefanya kazi nzuri."

Kakuma walifika jua likiwa kali. Wekesa alikwenda kusimamia magunia yakishushwa, na Mureithi akaingia stoo. Losike akavuka kwenda kwa Bilha, muuza chai, ambaye siku zote alimwekea kikombe kikubwa kabla hajaomba.

"Ejok, Bilha."

"Ejok-noi." Lakini Bilha hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananyoosha shingo kuelekea kioo cha lori, ambako bunduki ya Mureithi ilionekana nje ya mfuko wake. "Losike! Ile ndio bunduki! Sasa hii yako lete hapa tuchemshie chai, kuni imeisha."

Wateja wakaangua kicheko. Kulikuwa na wanaume waliotoka Nakalale na mbuzi wa kuuza, na Godelieve, mama wa Kikongo aliyeuza vitambaa meza ya pili. Wote walikuwa wanaitazama ile bunduki kwa macho ambayo Losike aliyajua, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameitazama hivyo hivyo.

"Ile?" alisema. "Ile ni bunduki ya kanga!"

"Kanga ya kula ao kanga ya kuvala?" Godelieve akauliza.

Sasa kicheko kiligeuka upande wake, na Losike akakifurahia kuliko chai. Akaongeza. Alisema risasi yake ni kama njiti, kwamba mbuzi akipigwa nayo atageuka akuulize unataka nini. Akaigiza mlio wake, ta, ta, ta. Bilha akafuta machozi, akamjazia kikombe mpaka kikamwagika.

"Hebu sema tena," alisema mmoja wa wale wa Nakalale, bila kucheka. "Risasi iko namna gani?"

Losike akamwonyesha kidole chake cha mwisho.

Kule, watu wawili wakikutana njiani hawapitani hivi hivi. Husimama, husalimiana, hupeana habari zote za walikotoka, za mvua, za mgonjwa, na za kuchekesha huachwa mwisho.

Mwezi ulipoisha, lori likaondoka bila Losike. Jioni ile ile lilirudi likivutwa, tupu.

Siku tatu baadaye, asubuhi, alimkuta Wekesa hospitalini, taya limefungwa bendeji, bakuli la uji likipoa kando. Losike akavuta kiti, akachukua kijiko.

"Mzee aliitoa dirishani," Wekesa alisema kwa shida. "Wale wezi waliona, wakacheka. Mmoja akapigapiga mikono kama mabawa. 'Kanga! Kanga!' Mimi nikachelewa kutoa ufunguo, wakanipiga na kitako." Akapumzika. "Sukari walibeba yote. Na ile bunduki unajua walifanya nini? Mmoja aliipima mkononi, akamrudishia mzee."

Losike akapuliza uji.

"Mzee ameniachisha kazi. Anasema siri ilikuwa ya watatu. Anasema madereva ndio wako na mdomo." Wekesa alimkazia jicho lililokuwa bado linafunguka. "Amesema wewe unarudi kiti cha mbele."

"Alinitumia mtu jana."

"Nafurahi. Lakini wewe unanijua, ndugu yangu. Ni mimi nilisema?"

"Hapana," Losike alisema. "Si wewe."

"Mwambie hivyo. Wewe atakusikia."

Nje honi ililia. Ni Kipngeno, dereva mpya, na kando yake Mureithi, tayari kwa safari ya Kakuma. Wekesa aliifahamu honi ile, akafumba macho. Kisha akafungua mdomo kadiri alivyoweza, akangoja, na Losike akakwangua bakuli taratibu, kote kote, akitafuta uji wa kumpa.