Uji wa Mama Mkwe

Mwezi wa pili, mahindi yakiwa bado mabichi shambani na ghala zetu zimebaki vumbi, Falesi alimpeleka bintiye Tayanjana kupimwa uzito kwenye kliniki ya watoto inayofanyika kanisani. Mtoto alikuwa na miezi minne, kilo sita. Mwezi mzima alikuwa ameongeza kidogo tu.

"Unaona?" mama mkwe wake, Nachisale, alisema mbele yetu sote tuliopanga foleni. "Mjukuu wangu wa Blantyre anakunywa maziwa ya kopo, mashavu kama maandazi. Huyu wako ananyonya maji matupu."

Mhudumu wa afya akasema mstari wa mtoto kwenye kadi haujashuka. Watoto wanaonyonya hupunguza kasi ya kuongezeka umri huo.

"Anyonye tu mpaka miezi sita. Ila wewe mama, unakula?"

Mume wa Falesi alikuwa kibaruani Msumbiji, na unga uliobaki nyumbani ulikaa chini ya kitanda cha mama mkwe.

Kesho yake Falesi alirudi kutoka kisimani akamkuta Nachisale amempakata mtoto, kikombe cha uji pembeni, kijiko kinaelekea mdomoni. Falesi akatua ndoo, akachukua kikombe, akanywa uji wote.

"Asante, mama. Nilikuwa na njaa."

"Huo ni wa mtoto."

"Atauchukua hapa," Falesi akasema, akitoa titi.

Nachisale si mtu wa kushindwa. Asubuhi iliyofuata alipika tena, Falesi akiwa bado anafagia. Falesi akaacha ufagio, akanywa. Siku ya tatu vivyo hivyo, na sisi majirani tukawasikia.

"Mwanamke huna haya. Unamnyang'anya mtoto chakula."

"Mpaka miezi sita, mama. Ukipika kila siku, nitakunywa kila siku."

Akapika kila siku. Sijui ilikuwa hasira au alishaona jinsi yule mkwewe alivyokonda, ila wiki ya pili alianza kutia unga wa karanga.

Mwezi wa tatu tulirudi kanisani. Kilo sita na nusu. Nachisale akatugeukia.

"Uji wangu huo."

"Ni wako, mama, sikatai," Falesi alisema, akimfunga mtoto mgongoni. "Lakini kijiko hakimgusi mpaka atimize miezi sita, mwezi ujao."

Nachisale akasonya, akatangulia nyumbani kuwasha moto.