Kamati ya Uso wa Zamoyoni

Mjukuu wangu Zamoyoni alitimiza miaka thelathini na minne mwezi wa sita, na kesho yake asubuhi akanijia na kioo cha pikipiki mkononi. Kioo chetu cha ukutani kilikuwa kimevunjwa na mbuzi.

"Bibi, angalia hapa."

Nikaangalia. Kwenye paji la uso palikuwa na mistari mitatu myembamba, kama anayoiacha kuku akiparua vumbi. Pembeni mwa macho kulikuwa na mingine midogo zaidi. Zamoyoni anapika uji na maandazi ya wachimbaji, hapa kwetu kati ya Kahama na Geita, na jiko lake linatazama mashariki. Kila asubuhi jua na moshi vinampiga kwa pamoja.

"Naona uso," nikasema.

"Mistari, bibi."

"Mimi ninayo tangu nilipokuwa naishi Ngokolo, kabla hujazaliwa, na hujawahi kunililia."

"Wewe mke mwenzangu ulishaolewa ukamaliza. Mimi ndiyo kwanza naposwa."

Nikamrudishia kioo. Mume wake wa kwanza alimwacha kwa simu. Alisema amechoka kuamka na kukuta sura iliyokunjamana, kisha akakata. Zamoyoni amekaa na neno hilo miaka mitatu. Sasa Nuruddin, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Kahama, mtu mpole anayetafuna taratibu, alikuwa ameleta barua ya posa. Baba yake mkubwa, Mzee Abdulwahab, angekuja na wazee mwezi wa nane, kazi ya mpunga ikishapungua.

"Wakinikuta hivi, na huyu naye ataniacha," akasema Zamoyoni. "Nikiachwa mara ya pili kwa ajili ya uso, bibi, mimi basi."

Tukapanda basi kwenda Kahama, dukani kwa Yasmini, anayeuza vipodozi karibu na stendi. Yasmini alimgeuza mjukuu wangu shavu hili na hili kama mtu anayechagua papai. Akatukataza kabisa krimu za kung'arisha zisizo na lebo, akasema nyingine zina zebaki ndani. Zebaki naijua. Wachimbaji wanakamatia nayo dhahabu, na sikuwa tayari ikae kwenye mashavu ya mtoto wangu.

Akatuandikia kwenye karatasi. Asubuhi, kunawa kwa sabuni isiyokausha, halafu krimu ya unyevu, halafu mafuta ya kuzuia jua, hata kukiwa na mawingu, na kuyarudia kila saa mbili ukiwa juani. Jioni, kunawa tena, krimu, na dawa ya retinol, ya kulainisha mikunjo, kiasi cha punje ya njegere, siku mbili tu kwa wiki mpaka ngozi izoee. Akasisitiza tusianze vyote kwa mpigo. Kianze kimoja, wiki ipite, kifuate kingine, ili ngozi ikikataa ujue imekataa nini. Ijumaa jioni, akitaka, udongo laini wa kupaka kwa robo saa.

"Ataona mabadiliko lini?" nikamuuliza.

"Miezi mitatu, bibi."

"Wazee wanakuja baada ya miwili."

"Basi wazee wakae mbali na taa."

Nilipofika nyumbani nilichukua kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza nyuma, nikapiga mistari kwa rula kama ratiba ya darasa la nne. Siku juu, saa pembeni, na kila chumba jina la kipodozi. Nikaibandika mlangoni. Rimu ya gari iliyokuwa inaegemea banda la mbuzi nikaitundika kwenye nguzo, na kila saa ya kupaka ilipofika nikaigonga kwa nondo mara tatu. Zamoyoni aliacha maandazi yakielea mafutani, akakimbia kupaka, akarudi anang'aa.

Kwa kuwa beseni letu lilikuwa limepasuka, alinawia kwenye karai la Luka. Luka alikuwa mchimbaji, akahamia machimbo mengine, akaliacha uani kwetu. Lilikuwa karai zee la bati, ukingo wake umekunjwa kuzunguka waya, na ndani ya mkunjo huo mchanga hauishi hata ulisugue vipi. Lakini karai ni karai. Udongo wa Ijumaa niliuchimba mwenyewe kwenye kichuguu nyuma ya choo cha jirani, nikaupepeta kwa khanga mara nne.

Ijumaa ya kwanza Zamoyoni akakaa kwenye kigoda, uso mweupe kwa udongo, asiruhusiwe kucheka wala kuongea. Akaingia Mabula, mwenyekiti wa maduara. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Alikuja kutafuta maandazi yaliyobaki.

"Shikamoo, mayu," akasema; mayu ni mama kwa lugha ya huku.

"Marahaba, Mabula."

"Huyu amekufa?"

"Anazuia uzee."

Mabula akamtazama. Rimu ikalia, Zamoyoni akainama akanawa, maji yakawa ya kijivu. Nikalinyanyua karai nimwage. Mabula akanishika mkono.

Sikumlaumu. Mtu aliyeosha mchanga miaka ishirini hawezi kuona maji ya tope yakimwagwa hivihivi. Akachuchumaa, akalizungusha karai polepole, akamwaga kidogo, akazungusha, akamwaga, ulimi umetoka pembeni. Chini kabisa, kwenye tope lililobaki, palikuwa na nukta moja ya njano, ndogo kama yai la chawa.

Akamtazama Zamoyoni kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo hata siku moja.

"Dada," akasema, "umekula vumbi la hapa miaka mingapi?"

"Tisa."

"Linatoka sasa."

Kufikia Jumapili kamati ilikuwa imeundwa. Mwenyekiti Mabula, katibu Eliya, na wajumbe watano waliopatikana kwa kunyoosha mikono uani kwangu bila mimi kuulizwa. Walipanga mawe yangu matatu ya akiba ya jiko, wakayafanya viti. Waliugawa uso. Paji la uso likawa duara namba moja, shavu la kushoto namba mbili, la kulia namba tatu. Kidevu wakakiacha kwa ajili ya wachimbaji wageni. Mistari mitatu ya paji wakasema ndiyo mkanda wenyewe, ile njia ambayo dhahabu hupita ndani ya mwamba.

"Mkanda ukizidi kwenda chini, mali inazidi," Eliya akasoma kwenye daftari. "Kwa hiyo kamati inamwomba mwenye uso asiuzibe."

"Ninauziba," Zamoyoni akasema. "Nimenunua dawa ya kuuziba."

Kikao kikaguna.

"Hiyo krimu, dada yangu," Mabula akasema kwa upole, "ni sawa na kufukia shimo watu wakiwa ndani."

"Ninyi mmo ndani ya uso wangu?"

"Kwa matumaini, ndiyo."

Kuanzia hapo mjukuu wangu hakuwa na raha. Mlinzi aliwekwa mbele ya jiko, akikaa na kumtazama paji la uso tangu andazi la kwanza. Akitabasamu, mlinzi anakohoa, kwa sababu kutabasamu kunanyoosha. Wateja walianza kumsimulia habari za huzuni ili akunje uso: huyu ng'ombe wake amezama kwenye tope, yule shemeji yake ameuza bati la nyumba. Mmoja alisimulia kifo cha mjomba wake kwa machozi, na mjomba mwenyewe amekaa benchi la nyuma anakunywa uji. Mafuta ya jua yakapotea mara mbili, nikayakuta yamefichwa kwenye gunia la pumba. Tukawa tunayapaka ndani, dirisha limefungwa, mimi nikigonga rimu kwa saa za uongo ili kamati ipotee njia.

Na kila Ijumaa, kwenye karai, nukta moja. Siku nyingine mbili.

"Bibi, kweli naweza kuwa na dhahabu?" akaniuliza wiki ya tano.

"Una uvumilivu. Dhahabu sijui."

"Nuruddin naye amesikia. Jana kanipigia, hakuuliza kitu."

"Huyo mume wetu haulizi. Anatafuna kwanza."

"Na kama ndiyo maana anakuja?"

Zamani aliogopa kuachwa kwa sababu ya mistari, sasa anaogopa kuolewa kwa sababu ya mistari hiyohiyo. Nikamsogeza kwenye mwanga, nikahesabu. Ilikuwa bado mitatu, ila imelegea, kama nguo iliyokunjwa ikaanza kupata joto la pasi.

Siku ya wazee niliamka mapema kulisugua karai kwa majivu, nililitaka la wageni kunawia mikono. Nikalisuuza, nikajaza maji safi ya kisimani, nikaliacha likae. Niliporudi kuyamwaga, chini palikuwa na nukta ya njano. Hapakuwa na uso wa mtu uliogusa maji hayo. Nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikaipitisha ndani ya ule mkunjo wa ukingo. Ukatoka mchanga mweusi, na ndani ya mchanga nukta nyingine. Miaka yote ya Luka ya kuosha mchanga ilikuwa imejibanza humo kwenye waya, ikitoka kidogokidogo kila maji yanapotikisika.

Nikamwita Zamoyoni, nikamwonyesha. Akakaa chini juu ya mkeka.

"Usiseme," akanishika khanga. "Acha kwanza niwasikie."

Mzee Abdulwahab alifika saa nne na gari la familia, koti na kofia ya kufumwa, wazee wawili nyuma yake, na Nuruddin kiti cha mwisho kabisa amekumbatia kilo kumi za mchele. Zamoyoni akabaki ndani, nyuma ya pazia. Kabla sijakaribisha, Mabula na kamati nzima wakaingia, wamevaa mashati ya sikukuu, wakaketi upande wa kushoto.

"Hawa ni ndugu wa binti?" akauliza Mzee Abdulwahab.

"Hawa ni kamati," nikasema.

Mzee akakubali kwa kichwa, maana posa nyingine zina mambo. Akasema wamekuja kuomba ua walilolisikia katika nyumba hii. Akakohoa.

"Sasa, bibi yetu, kuna jambo dogo. Tulipojaza mafuta njiani tumesikia ua lina udongo wake. Tungependa tu kujua mapema. Binti akija kwetu, ile mistari inakuja naye?"

"Haiji," akasema Mabula. "Mistari ina wenyewe."

"Mistari iko kwenye kichwa cha mke wetu."

"Mzee, shamba likiuzwa, shimo la mtu linabaki la mtu."

"Basi awe anarudi Ijumaa," akapendekeza mzee mwingine. "Asubuhi kwenu, jioni kwetu."

"Ijumaa ni siku yetu ya kuosha, mpaka jioni," akasema Eliya, akifungua daftari. "Labda ninyi Jumatatu."

Wakaanza kugawana siku za wiki. Nikasogea pembeni ya nguzo. Ilikuwa saa tano, saa ya kurudia mafuta ya jua, na mimi siwezi kuipita ratiba niliyoipiga kwa rula. Nikagonga rimu mara tatu.

Pazia likafunguka. Zamoyoni akatoka na karai mkononi, usoni hajapaka kitu chochote, si krimu wala poda, mistari yote nje. Akaliweka karai katikati ya mkeka, akamgeukia Nuruddin.

"Wote wamesema wanachokiona hapa," akasema. "Wewe unaona nini?"

Nuruddin akautua mchele. Akafikiri mpaka mzee mmoja akaanza kusinzia.

"Naona hujalala," akasema. "Na pale kwenye sikio una sabuni."

"Mistari je?"

"Huo wa juu sikuukuta mwanzo. Ulianza mwaka ule mashine yangu ilipoungua. Ulikuwa unashuka Kahama kila Jumatano na maandazi, unasimama mlangoni unanikunjia uso hivi, unauliza nimekula au sijala." Akajikuna shingo. "Ukitaka kuutoa, utoe. Mimi najua ulipokuwa. Ila sijaja kuosha mchanga, baba mkubwa, na hizo siku mnazogawana mimi sina hata moja ya kuwapa."

Zamoyoni alinitazama, nikaelewa kwamba sasa naweza kusema.

Nikawaita Mabula na Mzee Abdulwahab wasogee. Nikamimina maji safi kwenye karai, nikaingiza sindano ya magunia kwenye ukingo, nikalizungusha kama nilivyomwona Mabula akifanya. Nukta tatu. Nikawaeleza habari ya Luka, tangu siku aliyoliegemeza ukutani mpaka asubuhi hiyo. Nilieleza bila kuruka kitu, hata majivu niliyotumia yalikuwa ya kuni za aina gani.

Mabula akaondoa kofia, akamwendea Zamoyoni.

"Dada, tunakurudishia paji la uso. Na mashavu."

"Na kidevu," akasema Zamoyoni.

"Kidevu hatukukichukua rasmi."

Mzee Abdulwahab alikuwa bado ameinama juu ya karai. "Nauliza tu," akasema, "hili linakuja na bibi harusi?"

"Haliji," Mabula na mimi tukasema pamoja.

Posa ikapokelewa, wakala pilau. Kamati haikuvunjwa. Ilihamia kwenye karai, likawekewa mlinzi na kamba, na kila siku linazungushwa kwa zamu ingawa siku hizi halitoi ila kutu. Mimi nimenunua beseni jipya la plastiki, la bluu.

Mwezi wa tatu wa dawa Nuruddin alikuja kupanga siku ya nikaha, akakaa kwenye benchi juani, kichwa wazi. Nikamtazama kwa jicho la Yasmini. Pembeni mwa macho tayari kulikuwa na mistari kama nyayo za kuku. Nikaenda kwenye kalenda pale mlangoni, nikapiga mstari mwingine kwa rula chini ya jina la Zamoyoni, nikaandika jina lake, kisha nikagonga rimu.

"Inalia ya nani?" akauliza.

"Yako, mume wangu," nikamwambia. "Maji yako kwenye beseni. Anza na sabuni peke yake, krimu mpaka wiki ijayo."