Mchimba Visima Kileleni

Hakuwa na cheti cha sekondari. Hakuwa na viatu vya mlimani. Alivaa buti za mpira zilizokatwa shingo kwa kisu. Hakuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichobaki ndani ya kisima cha kumi na saba alichochimba. Kimo hakujaliwa. Kazi nayo ilikuwa imemponyoka tangu mashine ya kuchimba ilipoingia mjini, mashine inayomaliza kwa saa sita kisima cha wiki sita. Tena, miaka yote hamsini na mbili ya maisha yake, hakuwa amepanda kitu kirefu kuliko paa la nyumba.

Mtu huyu, aliyeitwa Fundi Shimo, ndiye aliyeomba leseni ya kuongoza wapanda mlima.

Siku ya mtihani alitakiwa kupandisha watu watatu kileleni na kuwarudisha kabla jua halijazama. Wa kwanza alikuwa shemeji yake, kinyozi, mtu ambaye ulimi wake haukuwa na Jumapili. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mama mwembamba mwenye miwani. Wa tatu alikuwa mkaguzi wa ofisi ya mlima, mpole wa maneno, mkali wa kalamu.

"Shemeji," kinyozi alianza hata kabla hawajatoka jasho, "juu ni huku. Nakukumbusha tu, maana wewe umezoea kule kwingine."

"Wewe tunza pumzi. Utaihitaji kuombea msamaha."

Walipanda vizuri hadi saa nne. Hapo, chini ya genge la mwisho, walikuta ngazi ya chuma imezolewa na maporomoko. Palibaki ufa mrefu kwenye mwamba, wima kama ukuta, upana wake mkono na nusu.

Mkaguzi alifunga daftari. "Turudi. Utaomba tena mwakani."

Mwakani! Nyumbani walikuwa wamekwisha kuuza ndoo na kapi za kazi ya visima. Fundi Shimo aliingia ufani, akaupapasa mwamba huku na huku kama mtu anayechagua kitambaa.

"Hiki ni kisima tu," alisema. "Kimesahau maji."

Akaegemeza mgongo upande mmoja, akakita nyayo upande wa pili, akaanza kupanda. Laiti ungemwona! Mgongo, nyayo, mgongo, nyayo, bila papara, kamba ikining'inia kiunoni. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Lakini mazoea yana taabu. Kisimani hakuna anayetazama juu, kwa sababu mchanga humwagikia machoni. Fundi Shimo alipanda kichwa ameinamisha, kama alivyofanya maisha yake yote, na hivyo akaupita uwazi uliokuwa upande wa kulia, mahali njia inapoendelea. Aliendelea kujisukuma mpaka kuta zikaanza kuachana. Kisima hakipanuki hivyo. Miguu ilinyooka yote, visigino vikabaki vimegusa kwa shida.

Chini, kinyozi aliinua mikono yote miwili kana kwamba angemdaka.

"Nimepita njia!" sauti ilishuka, haikutetemeka. "Kosa langu! Nashuka. Sogeeni ukutani, mawe yasiwaangukie!"

Akashuka kiganja kwa kiganja, shati likichanika mgongoni, hadi akaufikia uwazi. Alizungusha kamba kwenye jabali, akaijaribu kwa kuning'inia kwanza yeye mwenyewe, ndipo akawavuta mmoja mmoja.

"Mwenye macho haambiwi tazama," kinyozi alisema alipofika, akihema, "ila wewe, shemeji, uwe unaambiwa."

Saa sita kasorobo walikuwa kileleni. Mwalimu alilaza kiganja kwenye jiwe la juu kabisa. "Miaka thelathini nimeuchora mlima huu ubaoni," alisema. "Sikujua kwamba ni baridi hivi."

Walishuka salama, na jua lilikuwa bado juu walipoketi katika ofisi ndogo chini ya mlima. Mkaguzi alimpa Fundi Shimo karatasi na bahasha.

"Ripoti ya makao makuu huandikwa na mwongozaji mwenyewe. Mimi natia sahihi kwa niliyoyaona. Pale ufani nilikuwa chini ya mwamba uliojitokeza. Sikuona kitu."

"Umesikia?" kinyozi alinong'ona, sauti ikisikika chumba kizima. "Hakuona kitu! Andika tumepanda salama, weka nukta. Wale wa makao makuu mwaka jana walimnyima mtu leseni kwa fundo moja tu lililolegea."

"Na atakayepita pale kesho?" Fundi Shimo aliuliza.

"Wa kesho naye ana shemeji yake wa kumwambia!"

"Kisimani ukificha ukuta uliolegea, anayeshuka kesho ndiye anayezikwa."

Akaandika kwa zile herufi kubwa, zilizosimama wima, alizojifunza ukubwani: ngazi imeanguka, ufa unapandika, uwazi uko kulia, kimo cha watu watatu kutoka chini, mimi sikutazama juu, nikaupita, nikakaribia kuanguka, anayefuata atazame. Mkaguzi alisoma, akasoma tena, akatia sahihi.

Fundi Shimo akaikunja karatasi mara tatu, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa gumba. Kisha akavuka barabara hadi posta, kinyozi akimfuata huku akitikisa kichwa, akaitumbukiza bahasha kwenye sanduku la barua.