Saa Aliyozaliwa Sangwa

Mukandekezi hakuwa mtu wa kukosa la kusema. Wateja wake wa Niboye, mtaa wa Kigali alikoshonea, walimjua vizuri: ukimletea kitambaa kifupi ukataka gauni refu, atakwambia mbele ya watu kwamba cherehani haizai kitambaa. Lakini Jumapili ile, Sangwa alipoingia kutoka kanisani viatu mkononi, macho yamemwiva, akasema, "Dada, wamenikataa kwa sababu ya tarehe niliyozaliwa," mama huyu mwenye ulimi wake alisukuma kitambaa kando tu, akamvutia kiti.

Tarehe! Jamani, kati ya mambo yote ya kumkatalia binti wa watu. Angekuwa mvivu, sawa. Angekuwa na mdomo kama wa dada yake, tungeelewa. Ila Sangwa alikuwa mkalimani, anakizungumza Kichina kana kwamba alikinyonya, na Wenbin, mhandisi wa barabara kule Kanombe, alimpenda waziwazi mpaka majirani wakachoka kushangaa. Siku ya posa ilikuwa imebaki wiki tatu. Umushanana wa Sangwa, nguo ya sherehe ya kufungwa begani, ulikuwa pale pale juu ya cherehani, umebaki pindo tu.

"Kaa, unieleze polepole," alisema Mukandekezi.

Sangwa akaeleza. Kwao Wenbin, kabla ya ndoa, wazee huulizia mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kisha hulinganisha majira ya bwana na ya bibi. Wenbin amezaliwa Juni, katikati ya kiangazi chao, mwaka wa farasi. Huyo ni mtu wa moto. Mke anayemfaa ni wa majira ya kuchipua, maana huyo ni mti, na mti huulisha moto. Sangwa alikuwa ametuma tarehe ya kitambulisho, mosi Januari 1998. Mama yake Wenbin akafungua vitabu vyake. Januari kwao ni baridi ya kuua, maji yote yameganda. Tena mwaka mpya wa Kichina ulikuwa haujaingia, kwa hiyo binti ni wa mwaka wa ng'ombe uliokuwa ukiishia, na ng'ombe na farasi hawapatani hata uwasihi vipi. "Anasema mimi ni maji ya barafu, nitamzima mwanawe," Sangwa alisema. "Anasema mtu wa majira yangu ana moyo mgumu, na bahati yake huchelewa maisha yote."

"Barafu gani Kigali hii?" Mukandekezi alilipuka. "Januari huku ni urugaryi, jua kidogo, maharage yanakauka uani! Huyo mama barafu ya Rwanda ameiona wapi, kwenye friji ya muuza soda?"

Sangwa hakucheka. Wenbin alikuwa mtoto wa pekee, baba yake alishafariki, na alikuwa amesema akilia kwamba bila radhi ya mama yake hawezi kuoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwana wa mama yake, basi.

"Lakini hiyo tarehe si yangu, Dada, hata mimi najua. Nusu ya sisi tuliorudi kutoka Tanzania tumezaliwa mosi Januari. Ukimwambia karani hujui, anaandika hiyo, anagonga mhuri. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita. Lazima kuna kitu unakumbuka."

Lo! Kukumbuka alikumbuka. Nami niseme tu, maana kuficha kumeshaharibu ya kutosha katika nyumba hii: Sangwa hakuwa mdogo wake. Mukandekezi alimzaa mwenyewe, huko Karagwe, Tanzania, na mwalimu wa kwaya aliyehama kabla tumbo halijaonekana. Mama yake Mukandekezi alikufa kwa malaria tarehe kumi Februari mwaka uleule wa 1998. Tarehe imechorwa kwenye msalaba wa saruji, na kila mwaka siku hiyo Sangwa huwasha mshumaa kumwombea mama yake. Mtoto alikuja Aprili. Waliporudi Rwanda mwaka uliofuata, baba yake Mukandekezi, kwa kuogopa aibu, alimwambia karani kwamba mtoto ni wa marehemu mkewe. Karani akaandika Januari, kifo kikawa Februari, hesabu ikakaa sawa. Mzee naye alishaondoka duniani. Mukandekezi akabaki peke yake na jambo hilo miaka ishirini na saba, akawakataa wachumba wawili asije akalazimika kulieleza.

"Waambie Aprili," alisema, akijifanya anatunga uzi kwenye sindano. "Aprili si ndiyo majira yao ya kuchipua? Waambie Aprili, yaishe."

"Aprili?" Sangwa alimtazama. "Mama alikufa Februari. Wenbin nilimwambia, amewahi kuja kuwasha mshumaa na mimi. Nizaliwe Aprili na mama aliyekufa Februari? Na saa nitaisema ipi, ya kubuni? Dada, sitaki uongo kwenye jambo hili. Kama kweli ni ya Januari, basi niambie, niachane naye nijue moja."

Akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti, yeye ambaye tangu utoto alilia kimyakimya. Mukandekezi alipiga hesabu. Kukaa kimya, binti anamkosa mume. Kusema, yeye anamkosa binti. Akapiga moyo konde.

"Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka," alisema. "Itumba, masika yetu, lilikuwa limekolea, mvua ya usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri, jogoo wa jirani alikuwa anawika."

Sangwa alifuta macho haraka, akachukua simu, akatafuta. "Pasaka ya mwaka ule... Jumatatu ni tarehe kumi na tatu Aprili." Akaangalia tena. "Dada, haiwezekani. Saa umeijuaje?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Nilikuwa kitandani, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Alitaka kuendelea, kueleza habari za baba, za karani, za mwalimu wa kwaya, jinsi alivyokaa kila mwaka kando ya mshumaa ule akitamani kuuzima. Sangwa aliinua mkono kumzuia. Hakupiga kelele, hakutupa kitu. Alimtazama tu, kama mteja anayekagua mshono. Kisha aliandika tarehe na saa, akatuma, akatoka kwenda kusimama uani.

Saa nzima ilipita. Simu iliita, naye Sangwa akarudi ndani nayo, kwenye kioo mama yake Wenbin, huko kwao China, mwenye miwani, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Maneno yakatoka kwa kasi. Mwaka wa chui milia! Majira ya kuchipua, mti mbichi, alfajiri! Chui na farasi ni marafiki wa damu. Binti wa majira hayo ana huruma, watoto wake watakuwa wengi, nyumba yake haitakosa moto. Wenbin, aliyeunganishwa kwenye simu hiyohiyo kutoka Kanombe, alitokea kwenye kona ya kioo, akipangusa macho kwa kiganja. Sangwa alikuwa akitafsiri yote hayo neno kwa neno, kwa sauti ya kazini.

"Na Februari?" Mukandekezi alinong'ona. "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia tarehe ya msalabani ilikosewa. Kwamba mama alikufa Juni. Kaburi liko mbali, hakuna atakayekwenda kusoma."

Mama wa Kichina aliuliza jambo, akasogeza uso karibu na kioo. Sangwa alijibu kwa maneno mawili, akamgeuzia Mukandekezi simu. "Anauliza ni nani aliyekumbuka saa. Nimemwambia ni dada yangu mkubwa."

Mama yule aliinamisha kichwa kwa heshima, mara mbili. Macho yake yalilowa, akasema jambo refu, taratibu. Sangwa alisikiliza mpaka mwisho. Mukandekezi alimtazama binti yake mdomoni, akingoja.

"Anasema pole," alitafsiri Sangwa. "Anasema, aliyemzaa binti wa saa njema namna hii alikuwa na bahati, inasikitisha hakuishi kumwona anaolewa."

Mukandekezi aliitazama ile sura ngeni, yenye huruma, ikimngoja ajibu.

"Mwambie asante," alisema. "Mwambie tumeshazoea."