Mjerumani Hana Mtoto wa Ubatizo

Miaka kumi na tisa Leonisa Villaruz alifundisha Maadili katika chuo cha San Gelacio, na miaka yote hiyo wanafunzi walilichukia somo lake. Halikuwa la hiari. Serikali ilishasema kila anayetaka cheti, awe wa uuguzi, wa ubaharia au wa kuoka mikate, lazima kwanza akae saa tatu kila wiki ajifunze kutofautisha jema na baya. Leonisa aliona majina ya wanafalsafa hayakai vichwani mwa watoto wa watu, basi akayatupa, akabaki na makwao tu. Mwingereza hutazama matokeo: jema ni lile linalowafaa wengi. Mjerumani hutazama wajibu: usifanye jambo ambalo usingependa kila mtu alifanye, hata kama leo lingekufaa wewe. Mgriki hana haja na jambo lenyewe, yeye anauliza wewe ni mtu wa namna gani. Hayo ndiyo yote. Mtu angeweza kuyaeleza akisubiri wali uive.

Jerwin hakuweza kuyaeleza. Jerwin alikuwa mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa mwisho, kijana mpole mwenye usingizi mwingi, na tena, balaa lenyewe ndilo hili, alikuwa mtoto wa ubatizo wa Leonisa. Leonisa ndiye aliyempakata kanisani akiwa na siku arobaini, akakojolewa gauni jipya, akacheka. Sasa alikuwa na karatasi yake ya mtihani mezani, siku ya Ijumaa, na jumla yake ilikuwa sabini na nne. Kufaulu ni sabini na tano.

Alijumlisha upya. Sabini na nne. Akajumlisha kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa mtu akikata tamaa hujaribu lolote. Sabini na nne.

Swali lilitaka nadharia tatu, kila moja na mfano wa nyumbani. Juu ya Mwingereza, Jerwin aliandika: "Jogoo wa mjomba akifa kwenye pambano, mmoja analia, kumi na wawili wanakula mchuzi. Kwa hiyo ni jambo jema." Leonisa alimpa alama zote, maana ndivyo Mwingereza alivyo. Juu ya Mgriki aliandika: "Mtu mwema ni aliyeuzoea wema, kama vile wengine walivyozoea kuamka mapema. Mimi bado." Akapata nusu, na nyingine mbili za ukweli. Juu ya Mjerumani palikuwa peupe. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na maneno mawili: "Samahani, Ninang." Ninang ndivyo mtoto anavyomwita mama yake wa ubatizo, na si neno la kuandikwa kwenye mtihani.

Mahafali yalikuwa Jumapili. Alama zilitakiwa ofisini saa kumi na moja jioni ile ile ya Ijumaa. Na pale njia panda, tangu Jumatatu, lilikuwa limetundikwa turubai refu lenye sura ya Jerwin katika kofia bapa, HONGERA MUUGUZI WETU, na pembeni picha ya diwani akitabasamu kana kwamba ndiye aliyesoma. Nguruwe wa karamu alikwisha chaguliwa. Watu mia na ishirini walikwisha alikwa, akiwemo mkuu wa idara ya Leonisa. Asubuhi alipomwendea kuomba ushauri, mkuu alimwambia kwa sauti nzito kwamba kanuni ni kanuni. Kisha akashusha sauti akauliza kama ni kweli nguruwe ni yule mweupe wa Basilia, maana ngozi ya nguruwe yule ikichomwa vizuri itakatika kama biskuti.

Basilia mwenyewe alifika saa nane. Basilia ni mama yake Jerwin. Yeye na Leonisa walikua nyumba kwa nyumba, na tangu ule ubatizo waliitana mare, yaani mama mwenzangu, kama ilivyo desturi. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono yenye alama za mafuta ya moto, kwani aliuza ndizi za kukaanga, zile zinazoviringishwa sukari na kuchomekwa vijitini. Mkono mtupu haulambwi, basi alikuja na kuku hai, kafungwa miguu, akamweka juu ya mitihani ya mabaharia.

"Mare, sikuja kuomba," alisema, akavuta kiti. "Nimekuja tujadiliane."

"Mtoe kuku wako mezani kwanza."

"Mwache, ni shahidi. Jerwin kapata ngapi?"

"Siruhusiwi kusema."

"Sabini na nne. Uso wako nimeujua tangu ukiiba mapapai. Ingekuwa sitini ungekuwa umekasirika, ingekuwa themanini ungekuwa umenipikia kahawa. Haya, tuanze na Mwingereza."

Leonisa akadhani hakusikia sawasawa. "Tuanze na nani?"

"Mwingereza. Tuhesabu wanaoumia. Jerwin akipita, anaumia nani? Hakuna. Akifeli? Naumia mimi. Anaumia mama mkwe wangu mwenye miaka themanini na moja, ambaye kakataa kufa tangu Krismasi akisubiri Jumapili. Wanaumia wageni mia na ishirini. Upande huu kilio, upande huu alama moja. Mwingereza angekwisha kuiandika zamani akaenda zake kunywa chai."

"Na nguruwe? Nguruwe hukumhesabu."

"Nguruwe ataliwa ukimpitisha Jerwin, ataliwa ukimfelisha. Kwake ni sare." Basilia akainua kidole. "Ila nakubali alistahili kuhesabiwa. Mwingereza alisema tusiulize kama mnyama anaweza kufikiri, tuulize kama anaweza kuumia. Ulilisema wiki ya nne, siku ile ya mvua, ukapiga meza."

Leonisa aliikumbuka mvua ile. Ni kweli alipiga meza.

"Basilia, wewe haya umeyajulia wapi?"

"Dirisha la darasa lako lina kioo? Halina. Karai langu liko wapi? Chini yake. Nimelisikia somo lako mihula kumi na mmoja, mare. Jerwin kalisikia muhula mmoja, tena kalala."

Kwa muda Leonisa alimwona Basilia kama mtu aliyeingia leo mjini. Miaka yote alidhani anawasemesha vijana arobaini wanaochezea simu chini ya madawati. Kumbe ukutani kulikuwa na mtu anayegeuza ndizi na kusikiliza. Alifurahi, na furaha hiyo ilimtia hofu, kwa sababu mwalimu akishapata mwanafunzi wa namna hii huwa tayari kumpa hata figo.

"Endelea," alisema, na hakupaswa kusema.

"Mgriki," alisema Basilia, akajiweka vizuri. "Mgriki anasema wema uko katikati. Mwenye kutoa ovyo ni mbadhirifu, asiyetoa kabisa ni bahili. Mimi nimekuomba alama kumi? Sikuomba. Kumi ni ubadhirifu. Kuninyima kabisa ni ubahili, na ubahili haukupendezi, mare, unakuletea mikunjo. Moja ndiyo katikati. Moja ndiyo wema wenyewe."

Leonisa akacheka. Alijaribu kukibana kicheko puani, kikamtoka. Kuku akashtuka, akachafua mtihani wa baharia aliyepata tisini na moja.

"Umemwonea Mgriki," alisema akipangusa. "Katikati yake si ya kupima kwa rula. Lakini umemwonea kwa akili. Na Mjerumani?"

Basilia akatazama dirishani. "Mjerumani tumwache."

"Kwa nini tumwache?"

"Mjerumani hakuwa na mke. Hakuwa na mtoto, hakuwa na hata mtoto wa ubatizo. Alikuwa anatembea jioni peke yake kama saa ya ukutani. Huyo atajua nini habari za watu?"

"Anasemaje lakini?"

"Mare, si lazima."

"Wewe ndiye uliyesema tujadiliane. Anasemaje?"

Basilia alivuta pumzi. Angeweza kudanganya hapo. Angeweza kusema amesahau, au siku ile ya Mjerumani ndizi zilikuwa zinaungua, na Leonisa asingekuwa na la kumjibu. Lakini alikuwa ameshapanda jukwaa la hoja, na mwenye kujua jambo huona vigumu kujifanya halijui.

"Anasema," alianza taratibu, "kabla hujafanya jambo, jiulize: kila mtu akilifanya, dunia itakuwaje. Sasa, kila mwalimu akimwongezea mtoto wake wa ubatizo alama moja..." Akasita. Akamtazama kuku kana kwamba kuku angemwokoa. "Basi siku nikilazwa, akija muuguzi na sindano, kabla sijampa mkono wangu itabidi nimuulize mama yake wa ubatizo ni nani."

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Basilia alikuwa ameuelekeza mkuki mwenyewe, na mkono wake mwenyewe ndio uliokuwa mbele yake.

"Nilikwambia tumwache!" alifoka, macho yakimjaa. "Nilikwambia!"

"Umejibu swali alilolikosa Jerwin," Leonisa alisema kwa upole. "Lote. Alama kumi na tano."

"Basi nizichukue zangu hizo nimpe mwanangu. Mama si humpa mwanawe? Damu nilimpa, maziwa nilimpa, nishindwe alama?"

"Haziendi hivyo, mare."

"Najua haziendi hivyo!" Basilia akajifuta pua kwa ukingo wa aproni. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo, haina Mwingereza wala Mgriki ndani yake. "Mimi nilitolewa shule darasa la nne, Leonisa. Ulibaki wewe, nikatoka mimi. Nataka kumwona mtu wangu mmoja akipanda pale juu aitwe jina. Sina hoja nyingine. Hiyo ndiyo yote."

Alimnyakua kuku miguu, akasimama. "Huyu namrudisha, usije ukasema nimekuhonga." Akatoka bila kufunga mlango.

Leonisa alibaki na karatasi ya alama na kalamu. Kugeuza nne kuwa tano kwa mkono wake ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nne yake ilikuwa mbaya tangu shule ya msingi, ungesema tano iliyokonda. Nani angejua? Mkuu wa idara angejua, akala ngozi ya biskuti kwa amani. Alifikiri juu ya yule bibi wa miaka themanini na moja. Alifikiri juu ya msichana wa miaka kumi aliyeondoka darasani na kapu la ndizi kichwani, na yeye akabaki amekaa dawati lile lile, ghafla likawa na nafasi kubwa. Hakuwahi kumwomba radhi kwa jambo hilo, kwa kuwa halikuwa kosa lake, na bado lilimuuma. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Nadharia tatu alizozifundisha miaka kumi na tisa zilikaa kimya kama wanafunzi wake.

Kilichomshinda hatimaye kilikuwa kitu kidogo. Basilia hakudanganya. Alimwombea mwanawe kwa kila alichonacho, na bado, alipoulizwa, alisema kweli iliyomwangusha. Leonisa angewezaje kuandika uongo kwa niaba ya mtu kama huyo?

Saa kumi na dakika hamsini alipeleka karatasi dirishani ofisini. Nne ilikuwa nne. Karani akamtazama usoni, akamuuliza kama amekula.

Kutoka ofisini hadi chini ya lile dirisha la darasa ni hatua sitini, na hakuna siku aliyotembea hatua ndefu kama zile. Basilia alikuwa akigeuza ndizi, hakuinua macho.

"Ngapi?"

"Sabini na nne. Atarudia Juni."

Basilia akageuza ndizi moja. Akageuza ya pili, ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Kisha machozi yakamshuka na hakuyafuta.

"Nilikuwa namwomba Mungu ukubali," alisema. "Na nilikuwa namwomba usikubali. Sasa kanisikia nusu."

"Umenichukia?"

"Mpaka Jumatano. Jumatano nitaona." Akasogea kwenye kibao. "Kaa basi, usinisimamie kama mkaguzi wa afya. Na Jumapili njoo mapema ukate vitunguu. Watu mia na ishirini hawawezi kuambiwa wasiwe na njaa."

Leonisa akakaa. Alitaka kusema kitu cha maana, akaacha, maana maneno ya maana yalikwisha saa nane. Walikaa bega kwa bega wakilia mbele ya karai, wateja wakidhani ni moshi.

Ndipo Jerwin akatokea, simu mkononi, akitembea kwa mwendo wake wa kutoka usingizini. Akawatazama mmoja mmoja.

"Ninang. Mama. Nimefeli?"

"Umefeli, mwanangu," alisema Basilia. "Kwa haki kabisa."

"Kwa alama ngapi?"

"Moja."

"Moja tu? Ninang, jamani! Si ungeniongezea tu? Nani angejua?"

Wanawake wale wawili wakatazamana. Basilia akachomoa kijiti karaini, akamwonyesha nacho mahali pa kukaa, mchangani mbele ya kibao.

"Kaa chini," alisema.

"Kaa," alisema Leonisa.

"Tuanze na Mwingereza," walisema wote kwa pamoja, na Jerwin akakaa, akazima simu, na kwa mara ya kwanza tangu Januari hakulala.